Kidole cha Korongo

Watu wa mtaani walimwita Chiriku, na jina lilimkaa kama kofia ya kupimwa. Alisugua lenzi za miwani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mashine ikinguruma na yeye akinguruma zaidi. Mteja aliyekuja kwa ajili ya macho aliondoka masikio yanamuuma. Lakini tumpe haki yake: kwa kuona kasoro, hakuna aliyemfikia, hata mimi, na mimi si mtu wa kukubali kushindwa.

Miaka tisa alikuwa anakusanya sarafu zilizokosewa kiwandani. Si hizi zetu za kununulia kiberiti. Alitafuta za kumbukumbu, zile zinazopigwa mara mbili kwa muhuri wa chuma uliosuguliwa mpaka sarafu inatoka inang'aa kama kioo. Kukuta kosa katika hizo ni kama kumkuta bwana harusi na viatu viwili tofauti. Vipo, ila nani anaangalia chini?

Jumamosi moja asubuhi alikuwa sebuleni kwa mama mkwe wake, jasho linamtoka kabla hajagusa kitu. Mezani palikuwa na sarafu nene ya fedha yenye picha ya korongo, ndani ya kifuniko cha plastiki, aliyopewa marehemu baba mkwe siku ya kustaafu. Kaka wa mkewe, fundi bomba, alitaka ipelekwe kwa sonara ikayeyushwe, mama avae bangili. Sonara alikuwa anafunga saa sita.

"Mkiiyeyusha hiyo mmeua kitu kisicho na ndugu," Chiriku alisema. "Korongo huyo hana kidole cha kati, mguu wa kushoto. Walisugua muhuri kupita kiasi, kidole kikafutika. Mimi nasugua vioo, mama, najua mkono unapozidi."

"Huo mchubuko wa plastiki, shemeji," fundi bomba akasema. "Umeona mchubuko ukauvisha suti."

Na kweli plastiki ilikuwa na mchubuko, tena juu ya mguu uleule.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mtu asiyebabaishwa na kelele za yeyote. "Fungua, mkwe wangu. Nikiona kwa macho yangu kwamba kidole hakipo, inabaki. Nisipoona, bangili. Na ukiitia doa, bangili vilevile, maana sitaki kuamka kila siku nalionea uchungu."

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Sarafu ya namna hiyo haiguswi kwa kidole, na haisemeshwi. Tone la mate dogo kuliko jicho la sisimizi likitua juu ya kile kioo linaacha doa, na ukilifuta unaikwaruza. Chiriku alishaharibu mbili zake mwenyewe, akiwasifia wageni uzuri wa sarafu hizo.

"Basi hakuna kusema mpaka nifunge," akatangaza, akivaa glavu.

"Wewe?" Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta.

Kifuniko kiligoma. Chiriku alikizungusha, akakibana, akakizungusha tena. Kikaachia kwa mlio mdogo, tak, na kila mtu akashtuka. Akaishika sarafu kwa ukingo.

"Dada, mumeo amezimika," fundi bomba alisema kutoka mlangoni. "Tumwite fundi umeme?"

Maneno yalimpanda Chiriku kooni kama maziwa yanayochemka. Akayameza. Akainama na lenzi yake: mstari mwembamba ulionekana pale pale, katikati ya vidole viwili. Kidole kipo! Miaka tisa ya kujigamba, na kidole kipo!

Akageuza sarafu kidogo kuelekea dirishani. Mstari ukahama. Akaigeuza tena, ukahama tena. Ulikuwa ukope wake mwenyewe, umejitazama kwenye kioo. Chini yake palikuwa peupe, laini, hapana kitu.

Hakupumua. Alimpa mama mkwe lenzi, akamwashiria kwa kichwa.

Mama mkwe akainama. Aliutazama mguu wa kulia, akarudi wa kushoto, akarudi wa kulia. Kisha macho yakamtoka, kifua kikajaa, na mdomo ukafunguka juu ya sarafu.

Chiriku akamziba mdomo.

Ndiyo, mkwe na mama mkwe, kiganja kizima, mbele ya watoto wa mama mwenyewe. Mkewe aliita jina la Mungu. Fundi bomba alipiga hatua mbili, akasimama, hajui anakwenda kupiga au kutenganisha. Chiriku hakuondoa mkono. Kwa mkono wa pili aliilaza sarafu mahali pake, akafunika, akabonyeza. Tak.

Ndipo akaona alichokifanya.

"Mama, nisamehe, ni mate, yaani si mate yako, mate ya mtu yeyote, hata mimi mwenyewe mwaka juzi nilikuwa na wageni, nikawa nawaeleza..."

Mama mkwe alinyoosha mkono wake, taratibu, akamziba mdomo na yeye.

"Miaka kumi na moja tangu umwoe binti yangu," akasema, "nilidhani kufanya hivi ni kukosa adabu." Akamgeukia mwanawe bila kulegeza kiganja. "Mpigie sonara, afunge duka lake. Hicho kidole hakipo."

"Mama, mwachie basi, apumue."

"Ana pua."