Pumpanikeli na Wazee wa Mnadani

Siku ya kwanza kazini sikugusa unga. Sista Msimamizi wa jiko la mikate la misheni, Mjerumani mrefu, alinipa sabuni nioshe mikono hadi kwenye viwiko. Nikaosha. Akaikagua, akanirudisha. Mara tatu! Siku hizi mnalowesha vidole viwili, mnajiita waokaji.

Nilijifunza kuumua, yaani kuuacha unga wenye hamira ujae wenyewe bila haraka. Nilijifunza kupima tanuri kwa kurushia unga kidogo: ukiungua papo hapo, subiri, ukibadilika rangi taratibu, ingiza mikate. Baadaye nikapandishwa hadi mkate mweusi wa kwao, unaofunikwa ndani ya kopo na kuivishwa kwa moto mdogo siku nzima na zaidi. Nafaka yake haioti Bariadi, tukatumia mtama mwekundu. Ukikuangukia mguuni, unakwenda zahanati. Waliuita pumpanikeli.

Biashara ikawa huria. Malori yakaleta kupitia Lamadi mikate myeupe, laini kama pamba, ndani ya nailoni. Yetu ikabaki kwenye rafu. Sista akaniita.

"Mama Mabula, mikate isiponunuliwa hadi Pasaka, tunafunga jiko."

Nilikuwa mjane mwenye watoto wanne. Nikabeba kapu hadi mnada wa ng'ombe.

Mzee mmoja mwenye fimbo akaunusa mkate, akanisalimia kwa Kisukuma chetu. "Mwangaluka, mayu. Huu unaitwaje?"

"Pumpanikeli."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Akaurudisha kapuni. "Kwetu hata ndama ana jina lenye sababu. Mwanao ni Mabula kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Huu ulizaliwaje? Nile nisichokijua?"

Wenzake wakacheka, wakaenda kununua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Nikamrudia Sista, nikamuuliza sababu ya jina. Akawa mwekundu kama mtama wetu. "Mwanajeshi Mfaransa aliuonja, akasema kwao, 'pen pur Nikeli', yaani mkate wa Nikeli, farasi wake. Basi."

"Sista, hii ni Kwaresima. Sema kweli."

Akakumbuka ana sala, akaondoka.

Nikamwendea Bruda wa karakana, Mjerumani mwenzake. Alicheka mpaka akashika meza. "Ya farasi ni hadithi tu. Sehemu ya kwanza ya jina, kwa maneno ya zamani ya kwetu, ni kujamba. Nikeli ni kifupi cha Nikolasi, lakini watu waliyaita hivyo hata mapepo. Mama, huo ni mkate wa shetani mjambaji. Ni mgumu kwa tumbo, ndiyo maana."

Mnada uliofuata nilisimama mbele ya wazee nikaeleza yote, la farasi na la shetani, bila kupunguza. Mwenye fimbo akafuta machozi ya kicheko.

"Sasa huyu namjua! Nipe miwili. Mmoja wangu, mwingine wa mtani wangu, alale peke yake."

Wakaufinyanga kama ugali, wakachovya kwenye maziwa mgando. Kapu likaisha kabla ya adhuhuri.

"Umewaambia nini?" Sista aliuliza.

"Kweli tupu."

Akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Kesho oka makopo ishirini."

Nilioka hadi mgongo uliponistaafisha. Wajukuu zangu hula mkate mweupe. Nikiwauliza jina lake na sababu yake, wanakata kipande kingine. Haya, kuleni. Lakini tumbo likinguruma usiku, mtamlaumu nani?