Nyumba Iliyofungwa Haijahamwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Mipango aliniuliza kama huwa nalala vizuri. Nikasema ndiyo. "Basi furahia," akasema, "hii kazi itakunyang'anya." Nilidhani ananitania. Nilikuwa na diploma na viatu vipya, na kwangu kupanga mji kulikuwa kuchora barabara tu.

Nilianzia Taveta. Huko nilijifunza kwamba mpango hauishii mpakani. Ndizi zinavuka, wanunuzi wanavuka, na ukijenga soko upande huu bila kuuliza wa Holili, ng'ambo Tanzania, umewajengea mbuzi kivuli. Kisha nikapelekwa Kasigau, ambako Afisa Mipango Mkuu alinionya nisitaje uwekezaji kabla ya kutaja ndovu. Alisema kweli. Mtu ambaye mahindi yake yameliwa jana hana masikio ya maneno ya ofisini.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa Voi, na ndiyo iliyonizeesha. Kaunti kadhaa zilikuwa zimeungana kupanga uchumi kwa pamoja: maji, barabara, viwanda vidogo, makao. Fungu letu lilikuwa uhuishaji, yaani kuubomoa mtaa mkongwe kidogo kidogo na kuujenga upya bila kuwafukuza wenyewe. Lakini mwenyewe, kwa sheria ya mpango, ni yule aliyehesabiwa. Asiyehesabiwa angebomolewa nyumba na mpya asipewe.

Hesabu ilifanywa na washauri waliotoka mbali, mvua za vuli zilipoanza. Niliisoma ripoti yao mara mbili. Karibu nusu ya mtaa ilikuwa imeandikwa "nyumba zilizohamwa". Mojawapo ilikuwa ya Mama Mghoi, mjane aliyeuza maharagwe sokoni na ambaye nilikuwa nimekunywa chai kwake mwezi huohuo.

Nilimpigia simu kiongozi wa washauri.

"Madam, sisi tulibisha. Kufuli mlangoni. Majirani wakasema wameenda juu."

"Juu ni Mbololo, kwenye mashamba ya mlimani! Wameenda kupanda. Mvua ikinyesha, Mtaita anafunga nyumba ya Voi anaenda shamba. Akivuna anarudi."

"Ai, sisi tulielewa wamehama."

Kutia saini mpango na kaunti washirika kulikuwa wiki iliyofuata. Mkurugenzi, akiwa sasa amekaribia kustaafu, aliniita na kufunga mlango.

"Ukisimamisha hesabu, washirika watapeleka awamu ya kwanza kaunti ingine. Na watu watakuuliza wewe."

"Na tukinyamaza, mkubwa, Mama Mghoi atashuka na gunia lake akute tingatinga."

"Najua," akasema. "Unadhani mimi hulala?"

Kikaoni nilisimama, nikaomba hesabu irudiwe baada ya mavuno. Mratibu wa ushirikiano, mama mpole lakini mkali wa maswali, aliniuliza kama nina hakika wote watarudi. Nilisema sina. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, maana jibu lile lingeweza kutuponza. Hata hivyo, walikubali kungoja, na awamu ya kwanza ikaenda kwingine, kama Mkurugenzi alivyosema.

Nimestaafu sasa, na mtaa haujajengwa wala kuhesabiwa upya. Wako wanaoniambia waziwazi, "Ni wewe ulitunyima nyumba." Siwalaumu, maana paa zao zinavuja. Ninyi mnaoingia kazini leo na vishkwambi vyenu, nawaomba mjue kwamba kazi hii haikupi jibu safi. Hata kuambiwa asante nikiambiwa, moyo wangu hauamini.

Juzi Mama Mghoi alinipigia kutoka Mbololo. Alikuwa amesikia kuna wahesabuji wapya Voi, na mvua imeanza.

"Mwanangu, nishuke ama nimalize kupanda? Mbegu nimeshaloweka."

Akishuka, mwaka mzima ni njaa. Asiposhuka, huenda akaikosa nyumba.

"Panda, mama," nikasema. "Mimi nitakaa mlangoni kwako."

Ndipo nilipo sasa, kwenye stuli, nikiwangoja wahesabuji niwaambie hajahama. Mlango wa kulia una kufuli, wa kushoto una kufuli, na ile yote ya ng'ambo ya barabara. Na mimi ni mmoja.