Siku Nilipofunga Mtaa kwa Turubai

Siku ya kwanza kazini nilipewa kizibao cha riflekta cha rangi ya chungwa, kalamu na kiti cha plastiki. Umri wangu ulikuwa ule ambao wenzangu wanaagwa maofisini wakistaafu. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sikutulia: nilichuna ngozi machinjioni Vingunguti, nilibeba samaki Kimbiji, nilipaka rangi nyumba za watu. Kila kazi niliichoka mapema, si kwa uvivu, ila kwa hamu ya kujua kona inayofuata ina nini. Safari hii nikaajiriwa kukaa kwenye kona.

Kazi yenyewe wengi wenu hamjaisikia. Tulikuwa wafunga mitaa. Barabara kubwa ikijaa foleni, madereva huchepuka kutafuta njia ya mkato, na vumbi lao linaishia kwenye sufuria za watu. Mradi wetu ulikubaliana na viongozi wa mtaa kuwafungia, njia ibaki ya waenda kwa miguu na baiskeli. Gari la mwenyeji tuliliruhusu, na la mgonjwa vilevile. Tulilozuia ni gari la mpitaji, linaloingia upande huu na kutokea ule bila shughuli yoyote hapo katikati.

Msimamizi wangu wa kwanza, huko Temeke, alikuwa mama wa kutoka Kilimanjaro, aliyetamka kila neno kana kwamba anapanga matofali.

"Mzee, wewe si trafiki," aliniambia asubuhi ile. "Filimbi huna, faini huna. Una mdomo tu. Usiutumie wote siku moja."

Kabla ya kufunga, tulihesabu. Kila gari lilipata kijiti kimoja kwenye karatasi, na la tano kijiti chake kililazwa juu ya vile vinne. Nikajifunza kulitambua gari la mpitaji kwa sauti tu: halipunguzi mwendo mbele ya nyumba yoyote. Siku ya kufunga tuliweka mapipa mawili yaliyojaa mchanga na kulaza mti juu yake. Madereva walinichangamkia.

"Babu, barabara umeirithi?"

"Nimeachiwa niitunze tu, mjukuu wangu. Zungukia kule."

Halafu ukaja utulivu. Sijui niuelezeje. Ilikuwa kama mtu amezima redio iliyokuwa ikiunguruma tangu uzaliwe, na ndipo unajua kwamba ilikuwepo. Nilisikia kijiko kikigonga ukingo wa chungu nyumba ya nne. Nilisikia kandambili za mtu kabla sijamwona. Nikakaa pale nusu nimelala, nusu macho, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kona nyingine.

Walinihamishia Kinondoni, chini ya Mhandisi, kijana mpole aliyetembea na futi ya kupimia mfukoni. Yeye hakupenda mapipa. Alichimbia nguzo za chuma, na kazi kubwa ilikuwa kukadiria nafasi kati ya nguzo na nguzo: upite mkokoteni wa maji, kipite kiti cha magurudumu, lisipite gari.

"Na pikipiki je?" nilimwuliza.

Akakuna kichwa. "Hiyo, mzee, haizuiwi na chuma. Inazuiwa na aibu."

Neno hilo nililibeba hadi Mbagala, kituo changu cha mwisho.

Mtaa wa Mbagala ulikuwa na ndugu wawili waliotazamana. Bi Tatu, mkubwa, aliishi upande wa duka. Bi Siti, mdogo wake, upande wa pili, miguu imemvimba na hatembei. Kati yao kulikuwa na hatua zisizozidi ishirini. Bi Tatu alishagongwa na pikipiki hapo mlangoni kwake, na tangu siku hiyo hakuvuka. Ukimshika mkono, anafika ukingoni, anarudi. Walizungumza kwa kupigiana kelele magari yakipita, kila sentensi ikikatwa vipande.

"Siti! Umekunywa daw—"

"Nini?"

"Dawa! Mie nakuuliza daw—"

Nilitaka huyu mama avuke. Katika kazi zangu zote sijawahi kutaka kitu namna ile. Lakini mapipa yetu yalisukumwa pembeni kila alfajiri, na wenye pikipiki walinipungia mkono wakipita. Mwenyekiti wa Mtaa akanijia.

"Mkutano ni Jumamosi," alisema. "Mpaka siku hiyo mapipa yakiwa bado yanahamishwa, naufungua mtaa. Sitaki ugomvi na watu."

Siku tatu zilibaki. Nikakaa kwenye kiti changu nikiwaza lile neno la aibu. Ni kitu gani Mswahili wa Dar hakipiti hata awe na haraka gani? Jibu nililijua tangu utotoni: msiba. Turubai likifungwa katikati ya njia, na mabenchi chini yake, dereva hatukani, hapigi honi. Anageuza.

Asubuhi ya Alhamisi nikaazima turubai na mabenchi kwa mkodishaji, nikayafunga mahali mtaa unapobana, mbele ya nyumba ya Bi Siti. Pikipiki ya kwanza ilifika, ikazima injini, ikageuka kwa kusukumwa. Nikacheka peke yangu.

Sikucheka muda mrefu. Akaja mama na kanga mbili, akavua viatu, akaketi. Wakaja wengine watatu. Mzee mwenye duka, Mwarabu wa hapo hapo mtaani tangu enzi za babu yake, akafunga nusu ya mlango, akaja kunipa mkono.

"Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu, mzee."

"Turubai hili mmemfungia nani, basi?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka upande wa pili. "Siti! Siti wangu mie!" Bi Tatu alikuwa ameliona turubai, ameziona kanga mlangoni kwa mdogo wake. Akaja. Peku, kichwa wazi, mikono mbele, akikimbia kama anayekimbia ndotoni, miguu mizito na njia haiishi. Akapita katikati yetu hakutazama mtu, akaingia uani.

Bi Siti alikuwa kwenye mkeka anamenya muhogo. Akamtazama dada yake juu mpaka chini.

"Kha! Dada, umefikaje?"

Bi Tatu alianguka magotini, akamshika uso, akawa anampapasa kama kipofu.

"Umekuja kunizika?" Bi Siti akasema. "Basi subiri nimalize muhogo."

Mlango mzima ulicheka, kisha ukalia. Mie nilijificha nyuma ya benchi.

Jumamosi Mwenyekiti alinisimamisha mbele ya watu wote. "Umefanya mzaha na kifo," alisema, na alisema kweli. Niliomba radhi. Ndipo Bi Tatu akainuka, taratibu.

"Huyu amekosa, mwacheni akemewe. Lakini mie nawauliza nyie: kumbe nilikuwa nangoja Siti afe ndiyo nivuke?"

Mwenye duka, ambaye siku zote alipinga kwa sababu ya wateja wake wa magari, alitazama viatu vyake. Mtaa ukabaki umefungwa, na Mhandisi akaja na nguzo zake.

Nimestaafu sasa, goti limekataa kiti cha plastiki. Nyie vijana mtakaoifanya kazi hii mtapewa vifaa bora kuliko vyetu. Sina la kuwafundisha, ila mkae kimya kwanza, msikilize watu wa mtaa wanavyovuka.

Bi Siti alifariki kweli, miaka ikiwa imepita. Nilikwenda. Turubai lilifungwa palepale. Bi Tatu alitoka mlangoni kwake, akajitanda kanga vizuri, akaanza kuvuka. Kwa mazoea nikasimama, nikanyoosha mkono kuzuia magari. Hapakuwa na gari. Alipofika katikati akaniona, akatua kidogo.

"Shusha mkono, mdogo wangu," alisema. "Leo sina haraka."