Mama Mkwe Nje ya Karakana

Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka popote. Niliolewa, nikapata mtoto wa kike, na mume wangu akaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya miwa, akawa anarudi nyumbani kwa nadra. Niliposikia kuwa chuo cha ufundi mjini Morogoro kinapokea wanafunzi, nilimwambia mama mkwe, tukiwa tumekaa tunafunga mafungu ya mchicha. Nilitegemea aniambie nisubiri mtoto akue. Aliendelea kufunga, kisha akauliza kama karibu na chuo kuna vyumba vya kupanga.

Alikuwa mtu wa mlimani. Maisha yake yote yalikuwa juu ya Mlali, kwenye matuta ya kabichi na karoti, na mjini alikuwa akishuka kuuza mboga na kupanda siku hiyo hiyo. Bustani akamwachia dada yake. Akashuka nami, mjukuu mgongoni na jembe dogo mkononi, ingawa chumba tulichopata hakikuwa hata na mahali pa kuotesha kitunguu.

Nilitaka ushonaji. Nafasi zilikuwa zimejaa, wakaniuliza kama naweza useremala, nikakubali kabla sijafikiri. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Wiki za mwanzo mama mkwe alikuwa akimleta mtoto hadi getini saa za mapumziko, nakimbia kwenda kunyonyesha na vumbi la mbao kichwani. Lakini mtoto hakujua ratiba. Siku moja alilia mapema, sauti ikafika karakanani, na maziwa yakaanza kutoka yenyewe hadi ovaroli ikalowa kifuani. Niligeukia ukuta nikajifanya natafuta patasi.

Mwalimu wetu, mzee mkali asiyependa maneno mengi, aliona. Mbele ya wale vijana hakusema kitu. Kesho yake nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye benchi nyuma ya karakana, chini ya paa. Alisema mlinzi amemfungulia geti na kumwambia hapo ndipo pake kuanzia leo.

Basi akawa mtu wa chuo. Wanafunzi wakipita wanamwamkia shikamoo bibi, wanagombania kumbeba mtoto. Alikuwa akiokota maranda yetu kwenda kuwashia jiko, na binti yangu alijifunza kukaa juu ya rundo la maranda hayo.

Mvua za masika zilipoanza, alibadilika. Asubuhi nilikuwa nikimkuta barabarani akiuangalia mlima uliofunikwa na mawingu. Chakula alikuwa akikigusa tu. Dada yake alipiga simu kusema wameanza kupanda maharage, na baada ya simu ile alilitoa lile jembe lake dogo, akalifuta vumbi, akalirudisha. Nikaamua kuacha. Nilimwambia wakati anamwogesha mtoto.

"Mama, turudi zetu nyumbani. Chuo nitakuja mwakani, mtoto akishaacha kunyonya."

Alimmwagia mtoto maji mabegani, taratibu.

"Mimi huwa nakuchungulia dirishani," alisema. "Ukishika ile randa unasahau kama nipo, unasahau hata mwanao. Mimi nikiwa kwenye matuta yangu ndivyo nilivyo. Sasa nikutoe pale nikupeleke wapi?"

Nikamwambia naona anavyokonda.

"Nimepakumbuka nyumbani tu, mwanangu. Kupakumbuka nyumbani si ugonjwa."

Nilichukua kanga, nikampokea mtoto, tukamfuta pamoja. Tangu hapo tukapanga: kila Ijumaa nikitoka darasani anapanda kwake, Jumapili anarudi na tope miguuni na mfuko wa karoti, ameshiba harufu ya shamba lake. Hamu ya kula ikarudi.

Mtihani wa vitendo wa kumaliza chuo ulikuwa kutengeneza fremu ya mlango. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa ya meno, na mama mkwe hakumleta kabisa chuoni, ili nisimsikie akilia. Alimbeba akamzungusha mitaani asubuhi nzima. Nilipofika nyumbani nimefaulu, niliwakuta wote wawili wamelala mkekani, mama mkwe bado na viatu miguuni.

Nilipata kazi kwenye karakana moja mjini, na mtoto alipoacha kunyonya, mama mkwe akasema sasa anarudi mlimani. Nilimsindikiza hadi kituoni. Alifungua kanga aliyozoea kumbebea mtoto, akaniinamisha, akamfunga mtoto mgongoni kwangu kwa mikono yake, akavuta fundo kuhakikisha. Mtoto alimnyooshea mikono akilia. Mama mkwe alimshika vidole, akamwambia bibi anaenda kupalilia. Alipopanda gari alikaa kwenye dirisha la upande wa pili. Nilijua analia, na kwamba hakutaka nimwone. Nami nilisimama pale nalia waziwazi, nikimbembeleza mtoto.