Mama alivyoua bakteria wangu wa kusafisha shamba la bibi

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mimi kuongea mbele za watu siwezi, kuandika kidogo najitahidi. Haya yamenitokea mwenyewe, na mpaka sasa roho haijatulia.

Nipo kidato cha tatu, naishi Sofu, Kibaha. Bibi yangu yupo Masaki kule Kisarawe.

Mjomba anatengeneza bodaboda uani kwa bibi. Oil chafu alikuwa anaimwaga kwenye kishamba cha muhogo. Udongo ukawa mweusi, hata magugu hayaoti.

Bibi akaniuliza, "Wewe msoma sayansi, shamba langu litapona kabla ya mvua?"

Nikajibu litapona. Sijui ujasiri ulitoka wapi.

Mwalimu wa Biology alitueleza kuna bakteria wanaokula mafuta. Akasema watu wa systems biology hawamtazami bakteria mmoja, wanatazama kijiji kizima: nani anakula nini, nani anaishi kwa mabaki ya mwenzake, wamepungukiwa nini. Mara nyingi wapo udongoni tayari, wanakosa hewa, maji na nitrogen.

Nitrogen? Si mbolea ya kuku! Na Kibaha huku kufuga broiler ndiyo zetu.

Nikapeleka kiroba cha mbolea kutoka banda letu. Tukachanganya na udongo ule kwenye ndoo, mjomba akawa anageuza. Oil mpya akaanza kuikinga kwenye dumu.

Hakuna kilichobadilika. Harufu ile ile ya oil. Maharage niliyopanda kupima yakaoza. Mawingu nayo yanajikusanya.

Nikamwambia mama. Akashangaa, "Mbolea ile? Si niliipulizia dawa ya banda! Ningekuacha upeleke vijidudu kwa bibi yako?"

Wakuu, kumbe dawa ile ndiyo iliyoua bakteria wangu.

Tukaanza upya na samadi ya mbuzi wa jirani. Harufu ikapungua, maharage yakachipua. Bibi akapiga kigelegele, akachukua jembe.

Hapo ndipo nikaogopa kweli. Oil ya injini inaweza kuwa na madini ya risasi, na hayo bakteria hawayamalizi.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Bibi, usipande cha kula. Bado sijui."

Mjomba akacheka, "Profesa kaukimbia mtihani!"

Bibi hakucheka, akamgeukia mjomba. "Mimi nitangoja. Ila muhogo wa msimu huu utaninunulia wewe."

Mjomba akaenda kufunika dumu lake la oil.

Nimejifunza kwamba mmea kuota siyo udongo kupona. Anayejua mtu wa kawaida anapimisha wapi udongo aniambie, maana bibi ananitazama mimi. Na msinicheke sana.