Meza ya Nyanya na Mgeni Aliyeuliza Maswali

Ile kazi niliipata kwa sababu ya mdomo wangu. Nilizaliwa Goma, upande wa Kongo, nikakulia huku Gisenyi, upande wa Rwanda, shule niliiacha katikati ya sekondari, lakini Kinyarwanda ninacho, Kiswahili ninacho, Kifaransa cha kujitetea ninacho, na Kiingereza nakiokota kwenye simu. Mtu mmoja anayefanya kazi katika hoteli ya kando ya ziwa aliniambia kuna madame wa kizungu anatafuta msichana wa kumtafsiria. Anafanya utafiti juu ya wanawake wanaochuuza mpakani: kama wana usawa na wanaume, kama wana sauti katika uongozi, na maendeleo yanawafikia vipi wakati nchi ya jirani haijatulia. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Nilifurahi mno. Nilipewa kadi ya kuvaa shingoni, na usiku niliitundika kwenye msumari ili niione nikiamka. Niliwaza kwamba baada ya madame huyu nitakuwa mtafiti mwenyewe, nitapanda ndege, nitakuwa mtu wa kuuliza na wengine wa kujibu. Nilianza hata kutembea kama yeye, haraka haraka, chupa ya maji mkononi. Jirani yangu, mama wa mapacha tunayekaa naye ua mmoja, alinicheka.

"Sha, kumbe maji ya bomba haikutoshi tena?"

"Maji ya bomba inaningoja nikirudi, mama."

"Uiambie mapema kama utarudi na mzungu."

Jirani huyu ndiye ninayemwandika hapa. Alikuwa na meza yake ya nyanya na vitunguu katika soko lililo karibu na Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani, mahali ambapo wanawake wa Goma wakishavuka tu wanaanza kununua. Meza pale si ubao na miguu tu. Mwenye meza ana wateja wanaomjua, ana mahali pa kukaa mvua ikinyesha, na hafukuzwi barabarani. Zamani, kabla soko halijajengwa, yeye na wenzake walikuwa wakiuza chini, na ni wao walioanzisha kooperative, ushirika wa wachuuzi. Soko likajengwa, meza zikagawiwa, na kila meza ikaandikwa kwa jina la mkuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba yake alikuwa mume wake, mtu ambaye hajawahi kuuza hata kitunguu kimoja.

Mume akaenda kuishi ng'ambo ya mpaka na mwanamke mwingine. Kabla ya kuondoka alimpa mdogo wake ile meza. Jirani yangu alikuta viatu vya mitumba vimepangwa pale nyanya zake zilipokuwa zinakaa. Alikwenda kwa kamati ya kooperative. Kamati yote ni wanawake, na Présidente wake ni mama mwenye sauti tamu, anayejua kuongea na wakubwa. Akamwambia karatasi ziko sawa. Alikwenda akagari, ofisi ya serikali ya mtaa, wakamwambia ndoa yake haikuandikishwa, kwa hiyo hayo ni mambo ya familia. Nchi yetu ina sheria nzuri za wanawake, nimezitafsiri mara nyingi na ninazipenda. Zilimpita pembeni, kwa sababu siku ya harusi yake watu walikula wakacheza na hakuna aliyekumbuka kwenda kwenye ofisi.

Basi madame akaja kwenye ukumbi wa kooperative. Wanawake walivaa vitenge vilivyopigwa pasi, viti vikapangwa duara kama alivyotaka. Kabla madame hajaingia, Présidente aliwaambia wenzake, "Wageni ni wageni. Mambo ya ndani ibaki ndani. Tuongee mazuri."

Wakaongea mazuri. Zamani hatukuwa na neno, sasa tuna neno. Zamani tuliogopa kusimama mbele ya wanaume, sasa tunasimama. Kila aliyemaliza alipigiwa makofi. Mimi nilitafsiri huku nikitabasamu hadi mashavu yakauma, madame akiandika.

Kisha jirani yangu akasimama. Hakuna aliyekuwa amesimama, maana kwenye duara watu wanaongea wameketi. Alipovuta kitenge chake vizuri na kushika mikono mbele, nilijua anachofanya, na kila mtu mle ndani alijua.

Huku kwetu, kiongozi mkubwa akitembelea watu, kuna wakati wa maikrofoni. Mwananchi anapanga mstari, anasimama, anashukuru kwa usalama, anataja kijiji chake, kisha anatoa shida yake. Mkubwa anasikiliza, anageuka, anauliza: nani anahusika na hili? Yule mhusika anasimama akitetemeka, anaambiwa alimalize, na mara nyingi linamalizika. Nimewaona kwa macho yangu watu waliorudishiwa shamba kwa namna hiyo. Ndiyo maana mgeni mwenye gari refu, watu wenye kadi shingoni na kitabu cha kuandikia, kwetu hawezi kuwa mtu wa kuuliza tu. Anayekuja kutoka mbali hivyo na kuuliza shida zako, amekuja kukata maneno, kutoa uamuzi.

"Nashukuru mugeni wetu kwa kutufikia," alisema. "Nashukuru usalama. Mi niko na shida ya meza." Na akaitoa yote, kwa utaratibu, bila kulia. Alimaliza hivi: "Présidente iko hapa, anajua. Naomba mugeni atusaidie kuimaliza leo, benye kuhusika bakiwa hapa."

Nilitafsiri kila neno. Présidente alikuwa anatazama viatu vyake. Madame aliacha kuandika, akamtazama jirani yangu kwa huruma ya kweli, maana alikuwa mtu mwema, sitasema vingine. Alisema jambo hilo ni muhimu sana. Kisha akauliza swali.

"Anauliza," nikamwambia jirani, "ulijisikia namna gani?"

Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo sawa. "Wakati gani?"

"Wakati ulipokuta meza imechukuliwa."

"Mwambie nilijisikia bila meza."

Wanawake walicheka, hata Présidente. Madame alipotafsiriwa hakucheka, aliandika. Mwishoni alitushukuru wote, akasema maneno yaliyosemwa pale yatafika mbali. Nikayatafsiri hivyo hivyo. Jirani yangu aliketi, na niliona mabega yake yameshuka, kama mwanamke aliyetua beseni.

Jioni nilimfuata jikoni kwake. Nilimwambia, "Mama, yule hawezi kuamuru mutu. Anaandika tu, kisha anaenda kusomesha wengine kwao."

"We uko mutoto," akajibu, akikoroga isombe, yale majani ya muhogo. "Wakubwa hawakwambie kila kitu. Si umesikia mwenyewe? Itafika mbali."

Sikulala vizuri. Nilimwandikia madame kwenye simu, nikamweleza kwamba jirani yangu anangoja uamuzi. Alinijibu kwa ujumbe mrefu na wa upole. Alisikitika. Kazi yake haimruhusu kuingia katika mambo ya watu anaowachunguza, lakini aliamini kwamba kisa hiki kitasaidia kubadilisha mambo. Nilimsomea jirani yangu ujumbe wote, polepole, pamoja na lile la kutoruhusiwa.

"Rudilia ile ya mwisho."

"Kitasaidia kubadilisha mambo."

"Si unaona," alisema. "Atabadilisha."

Kilichonichoma zaidi ni kilichofuata. Shemeji yake, yule wa viatu, alikuja uani na Fanta mbili kwenye mfuko. Si mtu mbaya wa kutisha, ni mtu aliyepewa kitu akakipokea. Labda na yeye alikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu wageni. Aliketi kwenye kigoda.

"Muke wa kaka yangu, tuache vita. Kona ya meza iko. We weka nyanya zako kule, mi niweke viatu zangu huku. Bateja batachagua kama banataka kula ao kuvaa."

Mimi nilikuwa nafua. Niliacha nguo kwenye maji. Nilimtazama jirani nikimwomba kwa macho akubali, ile kona, hata ile kona.

"Meza ni yangu yote," alisema. "Wakubwa basha kusikia. Ngoja utaona."

"Wakubwa gani? Ule mama wa kalamu?"

"Cheka tu."

Alicheka kweli, akamaliza Fanta yake na kuondoka. Ile nyingine aliiacha. Nilimwambia jirani kwamba nusu ya kitu si aibu. Aliniambia akikubali kona leo, kesho uamuzi ukifika wataandika kwamba mambo yalishamalizika kwa maelewano, na hapo hata ukitoa ng'ombe huwezi kufufua kesi. Ni kweli, huku inakwenda hivyo. Alikuwa anafikiri vizuri kabisa, ila juu ya mgeni asiyekuwa mkubwa. Baada ya muda shemeji aliipa kona kijana anayeuza kadi za simu.

Miezi ikapita. Goma ikawa na mambo yake, mpaka ukawa unafungwa mapema, siku nyingine wanawake wanarudi na beseni zilizojaa. Jirani yangu aliuza kidogo kidogo mlangoni pa ua, nyanya zikioza kwenye ndoo, na kila niliporudi uani aliuliza kama kuna habari. Kisha habari ikaja. Madame alirudi kufanya atelier, yaani warsha, katika ile hoteli ya kando ya ziwa, kueleza matokeo. Wanawake walioshiriki walialikwa.

Jirani yangu alivaa mushanana. Nguo ile ni ya harusi na sherehe kubwa, na alipotoka nayo chumbani asubuhi, nguo ya begani ikipeperuka, nilimfungulia lango la ua. Alikuwa amevaa kwenda kupokea meza yake.

Tuliketi kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Taa zikapunguzwa, picha zikaanza kupita ukutani. Kulikuwa na maneno mazuri kuhusu kamati inayoongozwa na wanawake watupu, na Présidente alisimamishwa apigiwe makofi. Kisha yakatokea maneno makubwa kwa Kiingereza, na chini yake maandishi madogo. Niliyatambua.

"Mama, ile ni wewe," nikamnong'oneza. "Imeandikwa: nilijisikia bila meza."

"Jina yangu iko?"

"Hawakuandika jina. Imeandikwa mufanyabiashara mwanamuke, mpakani. Ni kwa ajili ya kukulinda."

"Na chini ya hiyo?"

"Chini ya hiyo hakuna kitu."

"Kisha?"

Ukuta ulikuwa umeshageuka. "Kisha ni picha ingine."

Wakati wa maswali alinyanyua mkono, akapewa maikrofoni. Safari hii kila kitu kilikuwa mahali pake: maikrofoni, wakubwa mbele, watu nyuma. Alishukuru, akasema, "Nilitoa shida yangu. Nikaambiwa itafika mbali. Nimekuja kujua imefika wapi."

Madame alikuwa mwekundu shingoni. Alimshukuru kwa ujasiri wake. Nilitafsiri neno kwa neno. Kisha Présidente akaomba maikrofoni, akasema kwa ile sauti tamu kwamba shida hiyo kamati inaijua na inaifuatilia. Ukumbi ukapiga makofi, na mtu wa hoteli akafungua mlango, chakula kilikuwa tayari.

Nilidhani hatakula. Alikula. Alichukua samaki, wali, ndizi, akaketi wima na mushanana yake, akala vyote polepole, na akamsalimia Présidente aliyepita na sahani. Mimi sahani yangu niliirudisha ilivyo.

Tulirudi kwa miguu, njia ya ziwani. Kadi nilikuwa nimeivua na kuitia mfukoni.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia. Lakini uliniambia ukiwa na kadi kwa shingo, uko nacheka na bazungu. Ningejuaje kama ile kadi haina nguvu?"

Hakusema kwa ukali. Angenigombeza ningepata la kujibu.

Siku hizi anauza kwa beseni, akitembea, macho yakiangalia nyuma kama kuna wanaofukuza. Mapacha wanamsaidia likizo ikifika. Mimi bado natafsiri, maana sina kazi nyingine, na bado naota, ndivyo nilivyoumbwa. Ila siwezi tena kulisikia neno ujasiri bila kuona ile sahani ya samaki.

Juzi wamekuja watafiti wengine, vijana wapole, wananiuliza kama namjua mwanamke yeyote aliyenyang'anywa mahali pake pa biashara, aliye tayari kuzungumza. Nilimkuta jirani yangu karibu na kituo cha moto, zile pikipiki za abiria, anafunga kitambaa upya kichwani. Nilimweleza.

"Ni wa kukata maneno ao ni wa kuandika?"

"Ni wa kuandika, mama."

"Watanunua nyanya?"

"Sijui. Naweza kuwauliza."

"Uwaulize," alisema, akainama, nami nikamsaidia kunyanyua beseni hadi kichwani. Alikwenda zake upande wa mpaka, kabla haujafungwa.