Habari Alizoambiwa Mbuzi

Harufu ya mbuzi aliyelowa mvua haipendwi na mtu. Hapa Bagara, mjini Babati, ninapoishi sasa, jirani yangu anafuga mbuzi nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha wapangaji wake hufunga madirisha huku wakinung'unika. Mimi langu naliacha wazi. Harufu ile hunirudisha kijijini kwetu Mutuka, kwenye ukingo wa korongo, nikiwa mtoto wa darasa la pili, siku ambazo nyumba yetu haikukanyagwa na mgeni yeyote.

Wakati huo Mkoa wa Manyara haukuwepo. Tulihesabiwa watu wa Arusha, na Babati yenyewe ilikuwa maduka machache kando ya barabara. Baba alikuwa Karatu, kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu Petro, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Akashikwa na homa. Haikupita wiki tukamzika nyuma ya zizi.

Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi iitwayo metimani. Nyumba iliyofiwa namna ile ilikaa peke yake kwa miezi, ili msiba usihamie kwa wengine. Hatukwenda kwa mtu, na hakuna aliyekuja kwetu. Maji tulichota chini kabisa ya kijito, mahali ambapo wengine hawachoti. Kuombana moto, kuazimana jembe, hata kusemeshana njiani, yote yalikoma. Shule nikaiacha. Jumapili kengele ya kanisa ilipolia tulikaa mlangoni tukiisikiliza hadi inyamaze, kisha mama akasimama na kwenda kupalilia, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya.

Nilimwuliza, "Mama, si tumebatizwa? Kwa nini tunafuata haya?"

Alikuwa anachambua maharage. "Ng'ambo kule kuna wanawake wawili wajawazito," akasema. "Nikipita karibu nao wataogopa. Ubatizo wangu hautawaondolea hofu yao."

Sikuridhika. Niliona tumeadhibiwa bure.

Ndipo Mama Bura akaanza kuja. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kila jioni alimleta mbuzi wake mmoja hadi ukingoni upande wao, akamfunga kwenye kichaka, kisha akaanza kumsemesha. Sisi hakututazama hata kidogo.

"Wewe mbuzi, unasikia? Binti wa fundi cherehani kaposwa, na wajomba wameshaanza kugombana! Sukari dukani hakuna, chai tunakunywa kama dawa. Jumapili katekista kapoteza ukurasa, akaanza mahubiri upya, watoto wote wakalala. Wewe ungeyaona wapi? Hukuja!" Mbuzi alitafuna. "Na umekonda, mbuzi wewe! Hata nikiwa huku naona mifupa. Kula! Umebakiwa na mmoja, naye anakutegemea. Kula, mjinga wewe!"

Nilichemka. Aliyekonda ni mama yangu. Asiyekwenda kanisani ni mama yangu. Aliyebakiwa na mmoja ni yeye, na huyo mmoja ni mimi. Na jioni zote hizo mama alikaa nyuma ya mlango, kimya, nami nikadhani anajificha kwa aibu. Mara moja nilimsikia akitoa sauti puani, kama mtu anayezuia kicheko. Nikaamini ni kilio.

Jioni iliyofuata nikaokota mawe, nikashuka hadi katikati ya korongo. Mama Bura alipofungua kinywa tu, nikarusha. Jiwe lilimpata mbuzi mguuni, akalia na kuruka hadi kamba ikakatika.

"Mama yangu siyo mbuzi!" nikapiga kelele. "Usirudi hapa tena!"

Mama Bura alinitazama. Kinywa chake kilifunguka, kikafungwa. Hakuruhusiwa kunisemesha, na mbuzi alikuwa ameshakimbia. Akaokota kipande cha kamba, akaondoka.

Nilimkuta mama ameshatoka mlangoni. "Amekwenda?"

"Nimemfukuza."

Alinishika kichwa kwa mikono yenye unga. "Umenitetea," akasema. "Najua ulitaka kunitetea."

Kabla ya chakula alipiga magoti kama kawaida, lakini sala haikuwa ya kawaida. "Mungu," alisema, "leo nina hasira na mwanangu. Nina hasira na wewe pia, tangu Petro. Sitaki kukuficha, maana nikiificha nitaimalizia kwa mtoto. Nishike, kwa sababu mwenyewe najiona naanguka." Kisha akanipakulia, na mkono wake haukuwa na ukali wowote.

Mimi niliogopa. Nilidhani mtu akimwambia Mungu maneno hayo paa litaanguka.

Mama Bura hakurudi. Kila jioni saa yake ilipofika mama alitoa kigoda nje, akatazama ng'ambo. Kulikuwa na kwale tu, wakikimbizana kwenye majani.

Miezi ilipokwisha na wazee wakatutakasa, mama alinishika mkono tukavuka. Nikamwamkia Mama Bura, "Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ndiye mlinzi?" Mama Bura akamgeukia mama. "Mbuzi wangu akiona mtoto wa shule hadi leo anachechemea!"

Walicheka hadi wakashikana, kisha wakalia, muda mrefu. Nilidhani wanamlilia mbuzi.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba sauti ile ndiyo iliyokuwa chakula cha mama, nami nilimnyang'anya. Sala yake ilinichukua muda mrefu zaidi. Mke wangu alipofariki, miaka michache iliyopita, nilisali sala nzuri zenye shukrani tupu. Kila aliyenipigia simu nilimwambia nipo salama, namshukuru Mungu. Binti yangu alipolia kwenye simu nilimkemea kwamba hana imani. Mzee Lohay wa Nangara, tunayesali naye, alikuwa akija kukaa nami na kuzungumzia mahindi yake, mahindi tu, mwanzo hadi mwisho. Niliona hana adabu kwa mfiwa. Siku moja nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Akachukua kofia yake, na hajarudi.

Hivyo nimekaa peke yangu, na safari hii hakuna desturi iliyonifungia. Nimejifungia mwenyewe, kwa hasira niliyokuwa nikiiita imani.

Jana nilipiga magoti, nikaisema hasira hiyo kwa sauti, yote, pamoja na jina la mke wangu. Paa halikuanguka. Asubuhi nimempigia binti yangu, hakupokea, nitajaribu tena. Sasa nimevaa viatu, nakwenda Nangara. Sijui kama Lohay atanikaribisha. Akinikaribisha, nitakaa nimsikilize habari za mahindi.